Utulivu wa Shelisheli Unauzwa kwa Bei Gani?



Kila mwaka unapokaribia kwisha, madirisha ya mawakala wa safari mjini Nairobi hupambwa kwa picha ile ile: mchanga mweupe kama unga wa muhogo, majabali ya kijivu yaliyolainishwa na mawimbi, mnazi ulioinama juu ya maji, na watu wawili, mume na mke walio katika fungate, wakilitazama jua likizama. Juu ya picha huandikwa Shelisheli. Chini yake huandikwa bei, kwa dola, na kwa herufi ndogo. Na kati ya jina na bei huwapo neno moja lisilokosekana kamwe: utulivu.

Neno hili sisi tunalijua vizuri mno. Tulilishwa asubuhi na jioni katika miaka ya chama kimoja. Kila aliyethubutu kudai vyama vingi aliambiwa kwamba anataka kuvuruga amani na utulivu wa nchi, na kwamba mtalii akizisikia kelele za siasa atakwenda kwingine na dola zake. Kwa hiyo asinilaumu mtu kwamba ninaandika juu ya likizo ya matajiri katika ukurasa wa mageuzi. Shelisheli ni jirani yetu. Ndege kutoka Nairobi huchukua muda wa saa tatu hivi. Na historia ya jirani huyu inaonyesha, kuliko hotuba nyingi za majukwaani, ni nini hasa kinachouzwa pale mtalii anapouziwa utulivu.

Watu wa pwani yetu walilijua jina hilo kabla ya kuijua nchi yenyewe, maana shelisheli kwetu ni tunda lile la mti mkubwa wenye majani mapana, ambalo huchemshwa au kukaangwa na kuliwa badala ya muhogo. Wenyeji wa visiwa hivyo nao wana msemo kwamba mgeni aliyelila tunda hilo kwao hana budi kurudi. Ni msemo mzuri kwa biashara ya utalii. Lakini wapo wageni waliopelekwa huko bila kuomba, wakalila tunda hilo kwa miaka mingi, na hawakuwa na hamu yoyote ya kurudi.

Waingereza waliposhindwa kuwanyamazisha wafalme wa Afrika kwa njia nyingine, waliwatupa Shelisheli. Mwaka 1899 walikamatwa Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, na hatimaye wakapelekwa huko. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alizuiliwa hadi mwaka 1923, akaruhusiwa kurudi akiwa mzee, naye akafariki Jinja kabla ya kufika kwake. Prempeh, mfalme wa Waashanti, aliwasili mwaka 1900, na hakukiona tena kiti cha babu zake hadi mwaka 1924. Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza Sultani wa Unguja mwaka 1896 akapigwa mizinga, alikamatwa Dar es Salaam mwaka 1916 na kuhamishiwa huko pia. Hatimaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki na akafia Mombasa mwaka 1927. Hata Askofu Mkuu Makarios wa Kupro alifungiwa kisiwani Mahé mwaka 1956. Umbali ule ule wa bahari ambao leo unauzwa kama faragha ndio uliokuwa ukuta wa gereza. Bahari haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mmoja alipelekwa kwa nguvu na mwingine hulipa ili apelekwe.

Kabla ya uwanja wa ndege wa Mahé kufunguliwa mwaka 1971, hakukuwa na njia ya kufika ila kwa meli, na meli hizo zilipitia Mombasa zikielekea Bombay. Uwanja ulipofunguliwa, hoteli zilifuata. Uhuru ulipatikana tarehe 29 Juni 1976, James Mancham akiwa rais na France-Albert René akiwa waziri mkuu. Haukutimia hata mwaka mmoja. Tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, wafuasi wa René waliipindua serikali. Mwaka 1979 katiba mpya ilikifanya chama cha René kuwa chama pekee halali, na katika uchaguzi wa mwaka huo, na wa 1984, na wa 1989, karatasi ya kura ya urais ilikuwa na jina moja tu. Sisi, tuliopitishiwa kifungu cha 2A mwaka 1982 na kupangwa mlolongo mwaka 1988, hatuna haki ya kumcheka mwenzetu.

Lazima tuseme kweli hata pale inapotuuma. Utawala ule ulijenga shule na zahanati, uliwapa maskini nyumba, na uliweka msingi wa hifadhi ambazo leo zimechukua karibu nusu ya nchi kavu yote ya visiwa hivyo. Wapo wazee wa Victoria ambao hadi leo humtaja René kwa mapenzi, nao si wajinga. Lakini watu pia walitiwa kizuizini bila mashtaka, wengine walitoweka, ardhi zilitwaliwa, na maelfu walikimbilia ng'ambo. Gérard Hoarau, kiongozi wa upinzani aliyekuwa uhamishoni, alipigwa risasi mlangoni pa nyumba yake jijini London mnamo Novemba 1985. Na katika miaka hiyo yote, mtalii alishuka kwenye ndege, akavikwa shada la maua, akalala ufuoni wiki mbili, akarudi kwao akisifu ukarimu na utulivu wa wenyeji. Hakudanganya. Kwa kweli palikuwa kimya.

Mara moja tu likizo na siasa viligongana hadharani, na kisa chenyewe ni kama mchezo wa kuigiza. Tarehe 25 Novemba 1981 kundi la wanaume wapatao arobaini na kitu liliwasili kwa ndege kutoka Swaziland, wakijifanya wanachama wa klabu ya wanywaji wa bia waliokuja kustarehe na kuwaletea mayatima vitu vya kuchezea. Chini ya vitu hivyo palikuwa na bunduki. Walikuwa mamluki wa Mike Hoare, na walikuja kumwondoa René. Afisa wa forodha akaiona silaha katika mfuko wa mmoja wao, risasi zikalia uwanjani, na wengi wao wakaiteka ndege ya Air India iliyotua usiku ule, wakatorokea Durban. Wakenya wenye umri wa kukumbuka watakumbuka pia kwamba tume ya majaji iliyomchunguza Charles Njonjo ilipewa, miongoni mwa mengine, madai kwamba alihusika na njama hiyo ya Shelisheli. Hilo tuliache hapo. Nililotaka kuonyesha ni hili: mamluki walipotafuta vazi la kuingilia katika nchi ya chama kimoja bila kuulizwa neno, walichagua la mtalii, maana walijua kwamba mtalii haulizi wala haulizwi.

Kisha ukafika Desemba 1991. Mwezi ule ule ambao wajumbe wa KANU walikusanyika Kasarani wakakubali kwa shingo upande kukifuta kifungu cha 2A, René naye aliutangazia mkutano wa chama chake kwamba vyama vingine vitaruhusiwa. Upepo ulikuwa mmoja. Lakini wao walifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya hadi mwaka 2010: waliandika katiba kwanza. Rasimu ya kwanza ilipelekwa kwa wananchi Novemba 1992. Ilitakiwa ipate asilimia 60, haikuifikia, ikaanguka. Wakarudi mezani, na rasimu ya pili ilipita Juni 1993. Katiba hiyo ilitoa hata nafasi ya kurudishiwa ardhi, au kulipwa fidia, kwa wale waliotwaliwa mali zao baada ya mapinduzi.

Je, mambo yakawa mema siku ile ile? Hata kidogo. René alishinda mwaka 1993 na akaendelea hadi mwaka 2004, ndipo akamkabidhi madaraka makamu wake. Na mwaka 1995, huku bunge likiwa bado mikononi mwa chama chake, ilipitishwa sheria ya maendeleo ya uchumi iliyoushangaza ulimwengu: mgeni atakayewekeza dola milioni 10 angekingwa asishtakiwe wala asinyang'anywe mali yake kwa makosa aliyoyatenda kwingine. Kwa lugha ya sokoni, nchi iliwaambia wanyang'anyi wa dunia: leteni fedha, hatutauliza zimetoka wapi. Mataifa yalipiga kelele. Sheria hiyo haikutekelezwa, na mwaka 2000 ilifutwa. Ninaitaja kwa sababu inamwonyesha mtawala wa nchi ya starehe anavyofikiri pasipo wa kumuuliza. Akishazoea kuuza ufuo bila kumshauri mwenye ufuo, hatimaye atauza na mahakama.

Turudi sasa kwa mtalii wetu wa fungate. Sheria ya Shelisheli husema kwamba fuo zote ni mali ya umma. Hakuna hoteli inayomiliki mchanga. Ni sheria nzuri. Lakini mchanga kuwa wako ni jambo moja, na kuufikia ni jambo jingine. Kisiwani La Digue, ufuo wa Anse Source d'Argent, ambao huenda ndio uliopigwa picha nyingi kuliko wote ulimwenguni, hufikiwa kwa kawaida kwa kupita katika shamba la zamani la minazi ambalo mgeni hutozwa kiingilio langoni. Na visiwa vya mbali vyenye hoteli moja pekee, ambako usiku mmoja hugharimu maelfu ya dola, havihitaji hata lango. Mwana wa mfalme wa Uingereza, William, alipokwenda fungate mwaka 2011, alikwenda Kisiwa cha North, na hakuna mvuvi wala mwalimu wa Mahé ambaye angeamka asubuhi akasema: leo nitakwenda kuogelea kule na watoto wangu. Ufuo ni wa umma, lakini umma hauna mashua.

Watalii zaidi ya 380,000 walifika Shelisheli mwaka 2019, katika nchi yenye wenyeji wapatao laki moja tu. Benki ya Dunia iliitia mwaka 2015 katika orodha ya nchi za kipato cha juu. Miaka saba tu kabla ya hapo, mwaka 2008, nchi hiyo hiyo ilishindwa kulipa madeni yake ya ng'ambo na kuokolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti magumu. Na nyuma ya hoteli, wakuu wa nchi wenyewe wamekiri kwamba heroini imewaangamiza vijana kwa kiwango cha kutisha; makadirio yaliyotolewa mwishoni mwa muongo uliopita yalisema watumiaji ni maelfu kadhaa, takriban mmoja katika kila watu kumi walio katika umri wa kufanya kazi. Haya hayamo katika picha ya dirishani. Sisemi kwamba utalii umeyaleta. Nasema kwamba kwa muda mrefu utalii uliyaziba, kama vile jamvi zuri linavyoziba sakafu iliyooza.

Ni nani basi aliyelifunua jamvi? Si mtalii. Ni mpiga kura, na ilimchukua muda mrefu. Desemba 2015 upinzani ulishindwa urais kwa kura 193 tu katika duru ya pili. Hawakuchoma nchi. Walikwenda mahakamani, wakashindwa huko nako, na mwaka 2016 wakarudi kwa wananchi wakatwaa wingi wa viti bungeni. Mwaka 2018 serikali ilipoleta mkataba wa kuijengea India kituo cha kijeshi katika kisiwa cha Assomption, watu waliandamana Victoria na bunge likakataa kuuidhinisha. Mkataba ukafa. Mwaka huo huo iliundwa tume ya ukweli na maridhiano, na familia ambazo tangu mwaka 1977 hazikuweza kuuliza ndugu yao alikwenda wapi zikapata kiti cha kukalia na mtu wa kuzisikiliza. Oktoba 2020 kasisi wa Kianglikana, Wavel Ramkalawan, aliyegombea mara nyingi na kushindwa, alishinda urais. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru kwa upinzani kuichukua nchi kwa kura.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji aketi vizuri, kwa sababu hadithi haikuishia kwa shujaa. Ni serikali ya Ramkalawan huyo huyo iliyoikodishia kampuni ya Qatar, kwa muda mrefu, eneo la takriban mita za mraba 400,000 kisiwani Assomption ili ijenge hoteli ya kifahari. Assomption iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahé, jirani kabisa na Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilichotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1982, penye kobe wakubwa zaidi ya laki moja. Ujenzi ulianza, na wananchi wakauliza: ni nani aliyeshauriwa? Mkataba uko wapi tuusome? Wiki moja kabla ya uchaguzi wa Septemba 2025, wanaharakati walikuwa wamekwisha kuipeleka serikali mahakamani kwa hoja ya katiba. Ramkalawan akaingia duru ya pili, na Oktoba akashindwa na Patrick Herminie, mgombea wa chama kile kile kilichozaliwa na chama pekee cha René.

Kuna wenzetu ambao wangeyaona hayo kuwa msiba: chama cha zamani kimerudi! Mimi sioni msiba. Ninaona raia walioweza kumpa kazi mtu waliyemngoja kwa miaka mingi, kisha wakaweza kumnyang'anya, bila bunduki kulia. Si hoteli peke yake iliyomwondoa. Heroini na gharama ya maisha zilisemwa sana. Lakini hoteli ya ufuoni ilikuwa suala la kura, na rais aliyeondoka hakuwa na mahali pa kuificha. Herminie naye ajue kwamba maswali hayo hayakuzikwa pamoja na mtangulizi wake. Na watalii? Hawakugeuza ndege zao. Waliendelea kumiminika kabla ya kura, wakati wa kura na baada ya kura.

Basi wako wapi waliotuambia kwamba vyama vingi hufukuza watalii? Utalii wa pwani yetu ulivunjika kweli, Agosti 1997, pale Likoni. Lakini waliovamia kituo cha polisi na kuchinja majirani zao hawakuwa wapiga kura waliochoshwa na amani. Tume ya Akiwumi ilisikia ushahidi mzito kuhusu mkono wa wanasiasa katika maafa yale. Hoteli zilifungwa, wapishi na madereva wakarudi vijijini bila mshahara, na gharama hiyo haikulipwa na waliopanga. Waliohubiri utulivu ndio ambao hawakuulinda.

Na fuo zetu je? Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 husema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Ni sheria nzuri, kama ya Shelisheli. Lakini tembea kutoka Bamburi hadi Shanzu, au kutoka Tiwi hadi Diani, uhesabu njia zilizokuwa wazi zamani ambazo sasa zina ukuta, mlango wa chuma na askari wa kampuni binafsi anayekuuliza unatafuta nini. Uhesabu madiko ambako wavuvi walipandisha ngalawa zao tangu enzi za mababu, na ambako leo husukumwa wakatandaze nyavu kando ya barabara. Viwanja vile viligawiwa na vigogo kwa vigogo katika miaka ya kimya, na kwa bahati mbaya wengine waligawiwa hata baada ya kimya kwisha. Mzee mmoja mvuvi aliniambia huko kusini kwamba hana ugomvi na mzungu anayelala juani. Ugomvi wake ni na mwenzetu aliyetia sahihi.

Simkatazi mtu kwenda Shelisheli. Mwenye uwezo na aende, akayaone majabali yale na kobe wale, ale na tunda lenyewe. Akifika, amuulize mhudumu anayemletea chai ni ufuo gani yeye huwapeleka watoto wake siku ya Jumapili, na hulipa nini kufika huko. Mhudumu atamjibu waziwazi, kwa sababu siku hizi anaweza kujibu.

Nasi tunaobaki tuna kazi ya Desemba hii. Uendapo pwani kwa sikukuu, usiridhike na kuingilia hotelini. Tafuta njia ya umma iliyo karibu nayo. Ukiikuta imezibwa, andika jina la barabara, nambari ya kiwanja ikiwa imeandikwa langoni, na tarehe, kisha upeleke kwa Tume ya Taifa ya Ardhi na kwa mwakilishi wa wadi hiyo, nakala moja ukituletea sisi. Tutazichapa zote, na tutamwomba kila atakayekuja kutafuta kura za pwani mwaka 2027 azisome mbele ya watu na aseme ni ipi kati ya hizo atakayoifungua kwanza.